Ndoto ya Fisi

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alinijia mama mmoja wa hapa Shinyanga ambaye mwanawe wa miaka tisa husoma kwangu madrasa. Alikaa jamvini akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Maalim, mtoto ameota fisi mara tatu. Amwona amesimama mlangoni kwetu, haingii wala haondoki. Wifi yangu aniambia nimpeleke kwa mganga, tujulishwe ni nani huyo atujiaye usiku. Nami nimeona nije kwako kwanza. Fisi maana yake nini?”

Mgeni wa nchi hii angeliona hilo kuwa swali jepesi. Lakini sisi tuliozaliwa Usukumani twajua uzito wake. Tangu utotoni tumesikia ya kwamba mchawi humfuga fisi na kumpanda usiku kama mtu apandavyo punda. Kwa hiyo aulizaye habari za fisi aliyemwota, mara nyingi haulizi habari za mnyama. Aomba atajiwe jina la mtu. Na jina hilo, likiisha kutajwa, ni zito kulirudisha.

Basi nikamwambia yule mama: “Kabla sijakujibu, nisikilize.” Nikamweleza jambo ambalo sijapata kulisimulia darasani, nami naliandika hapa ili vijana wetu wapate mazingatio.

Mwaka 1998 nilikuwa kijana, sijaanza kufundisha. Niliondoka nyumbani nikaenda Geita kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu, tukiwa vijana sita katika duara moja. Karibu na duara letu alikaa bibi mmoja mjane, pamoja na mjukuu wake, akituuzia uji na viazi. Alipika kwa kuni tangu alfajiri, na moshi ulikuwa umemharibu macho, yakawa mekundu daima. Alitukopesha tulipokuwa hatuna kitu, wala hakupata kutudai kwa ukali.

Usiku mmoja niliota fisi ameketi kwenye mdomo wa duara letu, akinitazama kwa macho mekundu. Asubuhi, tulipokuwa tukinywa uji wa bibi yule yule, niliwasimulia wenzangu ndoto hiyo kwa kicheko, kama mtu atoaye hadithi. Hazikupita siku nne, udongo ukaporomoka ndani ya duara, na mwenzetu mmoja akavunjika mguu.

Hapo ndoto yangu ikakumbukwa. Wenzangu watatu wakaenda kwa mganga wakamweleza yote. Wasemavyo wao, aliwauliza neno moja tu: “Huyo fisi, macho yake yalikuwaje?” Wakamjibu kuwa yalikuwa mekundu. Akawaambia: “Basi mwenyewe mnamjua.” Hakutaja jina la mtu, wala hakuwa na haja ya kulitaja.

Mtu mwenye huruma alimwonya bibi yule magharibi, naye akakimbia usiku na mjukuu wake, hakuchukua hata sufuria. Kulipokucha kibanda chake kilikuwa kimeteketezwa. Mimi nilikuwapo. Niliwasikia wakipanga, nikaona moto, nisiseme neno. Natamani leo ningalikuwa mimi ndiye niliyemwonya. Lakini sikuwa mimi.

Baadaye tulipoitoa ile miti iliyozuia kuta za duara, tuliikuta imeoza kwa maji ya mvua. Tuliitafuta sababu katika macho ya ajuza, nayo ilikuwa katika magogo yetu wenyewe.

Ndugu msomaji, laiti ningalizingatia niliyofundishwa chuoni, hayo yote yasingalitokea. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa ndoto ni za namna tatu: ndoto njema, ambayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha, itokayo kwa Shetani, na mambo ambayo mtu huyafikiri mchana kisha yakamrudia usingizini. Aotaye ndoto ya kumtisha ameamrishwa ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu mwingine, wala asimsimulie mtu, haitamdhuru. Tena imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba bedui mmoja alimjia Mtume akamweleza kuwa ameota kichwa chake kimekatwa kikabiringika, naye akikifuata. Mtume akamkataza kuwasimulia watu jinsi Shetani anavyomchezea usingizini.

Tazameni hekima iliyomo. Ndoto mbaya ikikaa kifuani mwa mwenyewe hufa humo humo. Ikitolewa nje hupata miguu ikatembea, na huenda ikafika mahali ambapo mwenyewe hakukusudia. Yangu ilitembea kutoka kikombe cha uji mpaka kwa mganga, na kutoka kwa mganga mpaka kibandani kwa bibi.

Wako watakaoniuliza: “Je, Maalim, si kuna vitabu vya tafsiri ya ndoto?” Naam, viko, na elimu hiyo ni ya kale. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 wa Hijra, alitunga kitabu juu yake, na Sheikh Abdulghani Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1143 wa Hijra, akatunga kingine kikubwa kilichopangwa kwa herufi. Katika vitabu vya namna hii simba ni mtawala mwenye nguvu au dhalimu, nyoka ni adui, na fisi huenda akawa mwanamke mbaya, hata wengine wakasema ni ajuza mchawi. Vitabu hivyo sasa vyauzwa kwa bei ndogo, na mistari yake hupelekwa katika simu za watoto wetu. Hebu fikirini mstari huo wa fisi ukisomwa na kijana mwenye hasira katika kijiji cha huku kwetu, ambako vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya wekundu wa macho tu!

Wenye elimu hiyo hawakuisoma namna hiyo. Imesimuliwa kwamba watu wawili walimjia Imamu Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, kila mmoja akisema ameota akiadhini. Mmoja akamwambia atakwenda Hija. Wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Ndoto ilikuwa moja, bali waotaji walikuwa wawili, na Imamu aliwatazama wao. Wala kitabu mashuhuri kinachouzwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Wanavyuoni wahakiki wamebainisha kuwa kilikusanywa na watu waliokuja muda mrefu baada yake.

Tena tuirejee Sura ya Yusuf, ambayo watoto wetu huipenda. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri, watu walilima, wakaweka nafaka, wakapona na njaa ya miaka saba. Hiyo ndiyo alama ya tafsiri ya kweli: iliyaokoa maisha ya watu. Tafsiri niliyoiona mimi Geita ilichoma nyumba ya mjane.

Na katika Sura hiyo hiyo yumo mnyama wa mwituni ambaye mara nyingi twampita tusimwangalie. Nabii Yaqub (a.s.) aliwaambia wanawe kuwa aogopa Yusuf asije akaliwa na mbwa mwitu. Neno lile la hofu wakalishika wao, wakalifanya kuwa udhuru; wakarudi usiku wakilia, na kanzu yenye damu ya uwongo, wakidai kwamba mbwa mwitu amemla. Yule mnyama hakuwa na kosa lolote. Uovu ulitoka katika husuda ya ndugu. Na Yaqub, juu ya huzuni yake yote, hakutoka kumwinda mnyama wala kumtafuta mtu wa kumlipa kisasi. Alitambua kuwa nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo, akashika subira njema.

Basi na sisi tuziangalie nafsi zetu. Katika nchi hii ya dhahabu, mtu akikosa mawe mazuri katika duara lake, na jirani akapata, husuda humwingia. Akikuta mganga wa kumwambia kuwa riziki yake imefungwa na fulani, au kwamba itafunguliwa kwa damu, hayuko mbali na kuua. Tangu mwaka 2006 na 2007 tuliona aibu iliyotufikisha masikioni mwa ulimwengu mzima, ndugu zetu wenye ualbino walipowindwa katika mikoa hii ya Ziwa kwa uwongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Hayo ni ya Serikali. Sisi Waislamu tulikuwa na marufuku yetu kabla ya hapo: aendaye kwa mpiga ramli na kumwuliza jambo, sala yake ya siku arobaini haikubaliwi, tena tumekatazwa kuwadhania watu kwa wingi wa dhana, na kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama kuwaua watu wote.

Mwaka 2011 nilimtafuta yule bibi, nikamkuta kwa ndugu yake, mbali na machimbo, macho yake hayaoni tena. Nilimwangukia nikamwomba radhi kwa ajili ya ndoto niliyoisimulia. Akanishika kichwa akasema: “Ndoto ilikujia tu, mwanangu. Lakini asubuhi ile ulikuwa macho. Mbona hukusema neno?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwani amekwisha tangulia mbele ya haki.

Nilipofika hapo yule mama alikuwa akilia. Nikamwambia: “Mimi sitakufasiria fisi wa mwanao, wala usimwendee mtu mwingine. Jioni msomee Ayatul Kursiyyu na Sura tatu za mwisho, nawe umfundishe azisome mwenyewe. Akiota tena, ageuke ubavu wa pili, asimsimulie mtu ila wewe. Nawe usimsimulie mtu kabisa, hata wifi yako.” Kisha nikamwuliza mtoto hulala wapi, na baba yake yuko wapi. Akanijibu kuwa mtoto hulala kwenye chumba cha mbele, karibu na mlango, na baba yake yuko machimboni Geita tangu baada ya Idi, hajapiga simu. Nikamwambia amhamishie mtoto chumbani kwake, na kesho yake ampigie mumewe, azungumze na mwanawe.

Ndugu zangu wazazi, na hasa ninyi vijana mnaokwenda machimboni: mkiota simba, nyoka au fisi, jikingeni kwa Mola wenu na mnyamaze. Bali mkimsikia mwenzenu anamtaja jirani kwa sababu ya ndoto, hapo msinyamaze. Semeni neno kabla ya jua kuchwa, wakati lingali lafaa.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na dhana mbaya, awahifadhi vikongwe wetu na watoto wetu, na atusamehe tulionyamaza. Amin.