Kodi ya Chumba na Maji ya Mlimani

Wengi wetu hapa Arusha tumezoea kusema kwamba kodi za nyumba za Ulaya ni za kutisha, na hapana shaka ni kubwa. Lakini mpwa wetu anayesoma Ujerumani alipotueleza masharti ya chumba chake, tulistaajabu. Kodi hulipa kila mwezi. Amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, na sheria yampa ruhusa kuilipa kwa mafungu matatu. Akihama bila deni wala uharibifu, hurudishiwa.

Huku kwetu mambo ni mengine. Tulipomtafutia binti yetu na mumewe chumba na sebule, kwanza Sakina, kisha Kijenge, hatukushindwa na bei ya mwezi. Tulishindwa na idadi ya miezi. Mwenye nyumba mmoja alitaka kodi ya mwaka mzima, mwingine ya miezi sita, na dalali naye alitaka ya mwezi mmoja, fedha isiyorudi. Mchukuzi wa soko la Kilombero apataye ujira wa siku atautoa wapi mkupuo huo? Hukopa, na mikopo ya namna hiyo, kama mjuavyo, haikosi riba. Hata kodi ya jengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba, tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, na anunuaye umeme ni mpangaji.

Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano ya watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye ufunguo. Tena Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa mjini hapa tangu mwaka 1995 hadi 2015, ikaleta wageni wenye mishahara mikubwa, na wenye nyumba wakazoea kutaja bei kwa dola.

Basi wengi huhamia pembeni, mathalan Ngaramtoni au Maji ya Chai, ambako vyumba ni rahisi. Lakini urahisi huo una gharama yake. Visima na chemchemi nyingi kuuzunguka Mlima Meru zina madini ya floridi, yatokayo katika mawe ya volkano. Mtoto ayanywaye maji hayo meno yake yangali yakiumbika huota meno ya rangi ya kahawia, nayo hayatakati kwa mswaki wowote; na yakizidi mno, hupinda hata mifupa. Wazazi huchemsha maji wakidhani wamemaliza kazi. La! Moto huua vijidudu, lakini floridi haiondoki, na maji yakipungua sufuriani nguvu yake huzidi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huyachuja, na maji safi ya mvua hayana madhara hayo. Mwenye bati na pipa amwekee mtoto wake ya kunywa.

Binti yetu hatimaye alipata chumba Ngarenaro, kwa mzee apokeaye kodi mwezi kwa mwezi. Tulimwuliza kama hachelei kudhulumiwa. Akatujibu kwamba katika miaka yake yote ya kupangisha amepoteza kodi ya miezi miwili tu, na vyumba vyake havijapata kukaa vitupu.