Hodi, Nalaza Kiti!

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wengine wenu mtaliona jambo langu kuwa dogo. Wenzangu wamekuja chamani na insha za ukame na uongozi bora, nami nimekuja na kiti cha basi. Lakini nisikilizeni, kwa maana kiti hicho kilinitoa jasho katikati ya usiku pale Mtito Andei, na mpaka leo nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2025, nikiwa Kidato cha Pili. Nilitumwa kumsindikiza nyanya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambako alikuwa na miadi na daktari wa mifupa. Goti lake la kulia lilikuwa limefura mfano wa dafu, na kulikunja ilikuwa taabu tupu. Tiketi za gari moshi la usiku zilikuwa zimekwisha, basi tukapanda basi la saa tatu. (Hata hilo gari moshi lina mambo yake. Katika daraja la kawaida viti havilali kabisa, na abiria hutazamana magoti kwa magoti tangu Miritini hadi Syokimau.)

Nyanya alikaa upande wa njia ili apate kuunyosha mguu, lakini kufika Mazeras njia yote ilikuwa imejaa magunia na mabegi. Mguu ukarudi ndani. Kabla hatujafika Mariakani, kijana aliyekaa mbele yake akabonyeza kile kidude cha pembeni, akajitupa nyuma, pu! Kiti kikatua juu ya goti. Nilimsikia nyanya akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilipofungua kinywa ili nimpashe yule kijana, nyanya alinifinya paja.

"Mwache, mume wangu," akaninong'oneza. "Naye amelipa nauli yake."

Hapo ndipo penye kitendawili. Ni kweli amelipa. Kiti kimewekwa kidude cha kukilazia, na kidude hicho si pambo. Lakini nyanya naye alilipa, tena sawasawa na yeye. Je, ile nafasi iliyo baina ya mgongo wa kiti cha mbele na magoti ya aliye nyuma ni mali ya nani?

Mjomba wangu anayefanya kazi Doha aliniambia kwamba hata ndegeni vita ni hivyo hivyo. Kwenye viti vya bei nafuu, kutoka kiti hadi kiti mara nyingi ni inchi 28 hadi 32, na humo umehesabiwa unene wa kiti chenyewe. Tofauti ni kwamba ndegeni kuna wahudumu. Wakati wa kupaa na kutua huamuru viti vyote visimame, kwa sababu ndege hutengenezwa kwa sharti kwamba abiria wote waweze kutoka kwa sekunde 90 ikitokea hatari, na kiti kilicholala humfungia njia aliye nyuma. Wakati wa chakula pia hupita wakiomba viti viinuliwe, mtu asije akala huku sahani imemgusa kidevu. Sisi ndani ya basi tuna makanga tu, na makanga akishamaliza kukagua tiketi hulala fofofo kuliko abiria.

Mimi naona hivi. Pale nyuma ya kiti ni nyumba ya mtu. Ni nyumba ya usiku mmoja, lakini ni nyumba; ameweka humo miguu yake, chupa yake ya maji na usingizi wake. Nyumba ya mtu huingii bila kubisha hodi, hata kama mlango uko wazi. Kugeuka na kusema, "Samahani mama, nataka kulaza kiti kidogo, sitakuumiza?" kunagharimu shilingi ngapi? Ukikaribishwa, unalaza polepole, si kujibwaga kama gunia la makaa. Na ukiambiwa kuna goti, basi umejua kuna goti.

Hayo nayasema leo. Usiku ule sikuwa na hekima hiyo. Basi liliposimama Mtito Andei, kijana alishuka kunywa chai, nami nikaona nimepata. Nyanya alikuwa amesinzia. Nilikisimamisha kile kiti, nikauchukua mkongojo wake, nikaukaza ncha moja kwenye chuma cha kiti chetu na nyingine kwenye mgongo wa kiti cha kijana. Nikakaa kitako kama malaika.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba sikuwa wa kwanza. Huko Marekani kuna mtu aliyebuni vidude vya plastiki viitwavyo Knee Defender, vya kubana kile kijimeza ili kiti cha mbele kisilale. Mwezi wa Agosti 2014 abiria mmoja alivitumia katika ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver. Bibi wa kiti cha mbele akammwagia maji, rubani akaenda kutua Chicago, na wote wawili wakateremshwa. La kuchekesha ni kwamba walikuwa wamekalia viti vilivyoongezewa nafasi ya miguu!

Sisi hatukumwagiana maji. Kijana alirudi, akabonyeza. Kiti kimya. Akabonyeza tena, akasukuma kwa mgongo, mkongojo ukalia kwa! Akasimama na kumulika kwa simu.

"Nani ameweka fimbo hapa?"

Makanga akawasha taa, basi zima likaamka. Mtoto mchanga akaanza kulia. Mama mmoja wa nyuma akasema vijana wa siku hizi hawana adabu, nami sikujua anasemwa yule au mimi. Kinywa kilinikauka.

Nyanya ndiye aliyejibu. "Ni mkongojo wangu, mwanangu. Nisamehe. Nina goti." Akainua leso kidogo, akamwonyesha.

Kijana alilitazama lile goti kwa muda. Hasira zikamwisha usoni. "Lakini mama," akasema, "tangu Mariakani? Mbona hukuniambia?"

Nyanya hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo la mkongojo, lakini nililimeza. Kijana akaeleza kwamba amekesha siku mbili akipakua mizigo, hata hakuangalia nyuma alipokaa. Akaomba radhi, akaketi, na kiti akakiacha kimesimama wima.

Taa zikazimwa. Nilimwambia nyanya ageuke ubavu, nikaupakata mguu wake mapajani mwangu, jambo ambalo ningaliweza kulifanya tangu tulipotoka Mombasa. Mbele yetu kichwa cha yule kijana kilikuwa kikianguka kushoto, kikiinuka, kikimwangukia jirani yake begani, kikisukumwa.

Karibu na Emali nyanya akaninong'oneza, "Mwambie mwenzio alaze sasa. Hapaumi tena."

Nikanyosha mkono hadi karibu na bega lake, nikaurudisha. Tulipofika Salama nikaunyosha tena. Neno lenyewe nilikuwa nalo tayari ulimini, hodi tu, lakini nilimwona atageuka na kuniuliza ni nani hasa aliyeuweka ule mkongojo. Tulipoingia Nairobi, saa kumi na moja alfajiri, kichwa chake kilikuwa bado kinaanguka.