Chicago na Waya Uliohifadhi Sauti za Wakimbizi



Itajwapo Chicago, wengi wetu hufikiria maghorofa marefu na upepo mkali wa ziwani. Mwezi huu nawaalika tuelekee kusini mwa jiji hilo, Mtaa wa 35, kilipo chuo cha Illinois Institute of Technology. Hapo garimoshi hupita ndani ya bomba kubwa la chuma juu ya ukumbi wa wanafunzi uliofunguliwa mwaka 2003. Bomba hilo hupunguza kelele. Katika chuo hiki sauti ya binadamu ilipata mtunzaji asiyetarajiwa, yaani waya mwembamba mithili ya unywele.

Elimu ya kunasa sauti kwa sumaku haikuanzia Chicago. Valdemar Poulsen wa Denmark aliivumbua mwaka 1898, lakini mashine yake ilitoa sauti dhaifu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Marvin Camras, kijana aliyekuwa akisoma hapa, aliunda kinasa sauti bora zaidi kwa ajili ya binamu yake aliyependa kuimba. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme, na umeme huo hutia alama za sumaku katika waya wa chuma unaopita kwa kasi. Waya ukipitishwa tena, alama hurudi kuwa sauti. Saa moja ya mazungumzo ilihitaji waya wa zaidi ya kilometa 2. Ukikatika, ulifungwa fundo na kazi ikaendelea.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi la Marekani liliona faida ya chombo hicho. Kikosi kimoja cha hadaa, chenye askari wapatao 1,100, kilinasa ngurumo za vifaru na kuzipiga kwa vipaza sauti usiku huko Ulaya mwaka 1944 na 1945. Adui akadhani jeshi kubwa linajongea, kumbe pale hapakuwa na kifaru hata kimoja.

Mwaka 1946 chombo kile kile kilipewa kazi ya kutunza ukweli. Profesa David Boder, mwanasaikolojia wa chuo hiki na mhamiaji mzaliwa wa Latvia, alikichukua hadi Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani. Aliwahoji wakimbizi wapatao 130, wengi wao Wayahudi walionusurika katika kambi za Wanazi. Kila mmoja alisema kwa lugha aliyoiweza, na katika waya zile zimo lugha 9. Wengine waliimba. Maandishi yangetupa habari zao. Waya umetupa pia kigugumizi, kilio, na kimya cha mtu anayetafuta nguvu ya kuendelea.

Maktaba ya chuo imeyaweka masimulizi hayo katika intaneti, na yeyote anaweza kuyasikiliza. Hata hivyo, rili moja ya nyimbo zilizoimbwa na wakimbizi huko Hénonville, Ufaransa, haikujulikana ilipo kwa miongo mingi. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa imepatikana katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, ndani ya kopo lililoandikwa jina la mahali kimakosa. Ili kuisikiliza, ilibidi kwanza itafutwe mashine kuukuu na kutengenezwa upya.

Ndugu zangu, miongoni mwetu wamo waliofika Marekani kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wazee wao wanajua njia walizopita, majina ya waliobaki nyuma na nyimbo za kubembelezea watoto, kwa Kiswahili, Kibembe na lugha nyinginezo. Wajukuu wanazidi kuzungumza Kiingereza, na wazee hawatungoji. Boder alibeba mashine nzito na rili zake kuvuka bahari. Sisi tuna simu mfukoni. Basi tuwaketishe, tuwaulize kwa adabu, tuwaache waseme kwa lugha yao bila kuwakatiza. Tukimaliza tuandike jina, mahali, tarehe na lugha, na tuandike sawasawa, asije mjukuu akaitafuta sauti ya bibi yake kwa miongo mingi ilhali imo kabatini.