Pampu Inazunguka, Dawa Haimo



Anayeishi Voi huzoea kuwa jirani wa maji ambayo si yake yote. Chemchemi za Mzima, zilizomo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, hupata maji yake kutoka vilima vya Chyulu, ambako mvua hunywewa na mawe ya volkano, ikachujika chini ya ardhi, kisha ikaibuka angavu hata viboko na samaki huonekana waziwazi ndani yake. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo husafiri kwa bomba, kwa nguvu ya mteremko, zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Sisi wa Voi tumo njiani. Siku za mgao twapata. Siku nyingine mfereji hukoroma kidogo, kisha hunyamaza.

Kwa sababu hiyo nyumba na madrasa nyingi za huku zina tangi, na jumuiya iliyojaaliwa huchimba kisima. Msikiti wetu mdogo, ulio nje kidogo ya mji, una kisima kirefu. Maji yake yana uchumvi kiasi na ni mazito; birika la chai hufanya ganda jeupe kabla mwezi haujaandama mwingine. Lakini ni maji, alhamdulillahi, na yametosha kwa udhu na kwa kuoshea maiti. Tena watoto wapatao 80 wa madrasa huyanywa kila jioni baada ya kukimbizana uwanjani. Hili la kunywa ndilo lililotuingiza kina mama katika habari za mitambo.

Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 kilipokuwa kikienea kutoka kaunti moja hadi nyingine, kamati iliamua maji ya tangi yatiwe klorini. Kwanza ilifanywa kwa mkono: mtunza msikiti akimimina kata moja ya dawa tangini kila asubuhi. Kata ya mkono ina tabia ya mkono. Siku yenye haraka hupungua, siku yenye hofu huzidi, na siku ya safari husahauliwa. Tena tangi hujaa na kutoka mara kwa mara mchana kutwa, ilhali dawa iliingia asubuhi tu. Basi Juni 2023 ikanunuliwa pampu ndogo ya kutia dawa yenyewe, kidogokidogo, kwa kipimo.

Pampu ya namna hii haina siri kubwa. Ndani yake mna mrija wa mpira uliokunjwa nusu duara, na magurudumu madogo yanayouzunguka huku yakiukandamiza, yakisukuma mbele kilichomo, kama tunavyokamua utumbo wa mbuzi siku ya Idi. Dawa haigusi chuma chochote. Hupita ndani ya mrija tu. Mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo husukuma damu kwa njia hiyohiyo. Hata watu wafugao matumbawe ya baharini katika matangi ya kioo sebuleni mwao hutumia pampu hizi kuyalisha chokaa tone kwa tone, kwani tumbawe halivumilii kushiba leo na kufunga kesho. Tuliposikia hayo tulicheka. Wazee wetu wa Lamu walifuga visamaki katika birika ili vile viluwiluwi vya mbu, na hawakuhitaji umeme.

Hesabu ya kuiweka pampu ni ya darasani, na kila mama aliyewahi kuzidisha mapishi ya pilau ya harusi anaiweza. Kisima chetu hupandisha lita 2,000 kwa saa. Tulikusudia kila lita ipate miligramu 1.5 za klorini. Basi saa moja yahitaji gramu 3. Dawa iliyotayarishwa ina gramu 10 za klorini katika kila lita, kwa hiyo gramu 3 zimo ndani ya mililita 300. Pampu ikarekebishwa itoe mililita 300 kwa saa, yaani 50 kila dakika 10. Namba hiyo ya mwisho tuliiandika ukutani kwa kalamu nene, nayo ndiyo iliyotuokoa baadaye.

Dawa yenyewe hutokana na klorini ya unga. Ya kwetu ina nguvu ya asilimia 65, hivyo gramu 155 hivi hutosha kwa lita 10. Mwenzetu mmoja alitoa mizani yake ya kupimia unga wa keki, na tangu siku hiyo mizani haijarudi jikoni, wala haitarudi. Unga hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya unga. Mchanganyiko huachwa utulie usiku mzima, kisha hutekwa yale maangavu ya juu tu, kwa sababu mashapo yakinyonywa na pampu huziba kila penye wembamba. Twaweza kutayarisha lita 20 kwa mara moja tukapumzika karibu majuma mawili, lakini joto la Voi huila klorini kama linavyokausha nguo kambani. Lita 10 humalizika kabla ya juma kwisha. Mtungi wake ni ule usiopitisha mwanga, na hukaa kivulini, mbali na mafuta ya taa.

Swali la kwanza la waumini halikuhusu mtambo. Mzee mmoja aliuliza kama maji yenye harufu ya dawa yafaa kutawadhia. Imamu wetu alieleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na maelezo yake yalitufaa sana hata kiufundi. Mabadiliko madogo, yasiyoyaondolea maji jina la maji, hayadhuru. Lakini maji yakibadilika mno kwa kuchanganyika na kitu kilicho twahara, hata yasiitwe tena maji tu, hubaki twahara ila hayatwahirishi. Kiasi tunachotia ni kidogo sana mbele ya hilo. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyosalia baada ya nusu saa isipungue miligramu 0.5 kwa lita, isishuke chini ya 0.2 mferejini mwa mtumiaji, wala isivuke 5 katika maji ya kunywa. Mzee aliridhika. Akaongeza, kwa haki kabisa, kwamba atataka kujua kila siku ni kiasi gani, si kuambiwa tu kwamba ni kidogo.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba hakuna aliyekuwa akipima mahali panapostahili. Mtunza msikiti alipima kwa kichupa chenye kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi. Alipima vizuri, lakini alichota tangini, chini kidogo ya mahali dawa inapodondokea. Maji yaliyo karibu na mdomo wa mrija hayawezi kukosa dawa. Mfereji ulio mbali kabisa na tangi ndio wa kuulizwa, kwa kuwa klorini hupungua njiani ikipambana na uchafu wa ndani ya bomba. Na mfereji huo katika msikiti wetu, kama katika misikiti mingi, ni ule wa kina mama, nyuma, karibu na mlango wa madrasa. Tuliomba vidonge na kichupa. Kamati ikatupa, na ufunguo wa chumba cha pampu ukafuata baada ya vikao viwili ambavyo hatutavieleza.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza mwisho wa Agosti 2023. Waliokuja sala ya alfajiri walilalamika kwamba maji yananuka kama bwawa la kuogelea la hoteli. Alasiri ya siku hiyohiyo sisi tukapima mferejini kwetu, na kidonge kikayeyuka bila kuacha rangi yoyote. Asubuhi dawa imezidi, jioni haipo! Wengine walisema unga ni mbovu, wengine wakamshuku mtunza msikiti. Tukakaa mbele ya pampu na kuitazama saa yake.

Fundi aliyeifunga alikuwa ameipa pampu saa yake peke yake, ya kuzunguka kwa umeme, iiwashe saa tatu asubuhi na kuizima saa nane mchana, muda ambao kisima hupandisha maji. Pampu ya kisima yenyewe huwashwa kwa mkono. Usiku wa tarehe 25 Agosti umeme ulikatika karibu nchi nzima, na kwetu ulikawia saa 14 hivi. Saa ile haikuwa na betri. Ilisimama, kisha umeme uliporudi ikaendelea pale ilipoachia. Kwayo, saa tatu asubuhi ikawa ni saa tano usiku kwetu. Ikawa yatia dawa gizani hadi saa kumi alfajiri, ndani ya tangi lililotulia lisiloingia maji mapya, na mchana kisima kikipandisha maelfu ya lita yenyewe ikilala.

Kuirekebisha saa kungemaliza shida mpaka umeme ukatike tena, na hapa Voi hilo si jambo la kungojea mwaka. Fundi mwingine aliondoa saa hiyo kabisa, akaunganisha pampu ya dawa na swichi ya pampu ya kisima. Sasa maji yakipanda, dawa huingia. Maji yakisimama, dawa husimama. Kila anayefungiwa mtambo wa namna hii aulize jambo hili kabla ya kulipa: maji yasipokuja, dawa itakoma kwa sababu gani?

Kasoro ya pili ilikuwa ya kimyakimya, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Februari iliyofuata rangi ya kidonge ilianza kufifia juma baada ya juma: 0.5, halafu 0.3, halafu 0.1. Hakuna aliyenusa kitu. Maji yasiyo na dawa hayana harufu ya kumwamsha mtu. Pampu ilikuwa ikizunguka kwa sauti ileile, taa yake ya kijani ikiwaka. Mtunza msikiti aliapa kwamba inafanya kazi, na kwa alichokiona alisema kweli.

Tuliutoa mrija mdomoni mwa tangi, tukaukinga kwa kikombe cha kupimia dawa ya kikohozi ya watoto, tukahesabu dakika 10. Ukutani pameandikwa 50. Kikombeni mlikuwa na 20. Sababu zilikuwa mbili. Mrija wa ndani ulikuwa umechoka kwa kukandamizwa miezi minane. Ulikuwa umelala bapa, haurudi tena duara, na kila mzunguko ulibeba dawa kidogo. Kisha mdomoni, pale dawa inapokutana na maji yetu mazito, palikuwa pameota jiwe jeupe la chokaa, ndugu ya lile la birika la chai, likaacha tundu la sindano.

Mrija ulibadilishwa, na mwingine wa akiba umewekwa. Si kila mpira wafaa. Ulio wa kawaida hukauka na kupasuka kwa klorini, hivyo ni lazima muuzaji aulizwe waziwazi. Jiwe la mdomoni huyeyuka kwa siki, na hapa twasema na kila mama anayetusoma kwa msisitizo wote: kipande kisuuzwe kwanza kwa maji mengi, kitolewe nje penye upepo, ndipo kitiwe siki. Klorini na siki, au klorini na dawa kali za kusafishia choo, zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Wako wanaozichanganya bafuni wakidhani wanaongeza usafi.

Twapaswa pia kusema dawa hii isichokifanya. Haiondoi chumvi ya kisima, wala floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Maji yenye matope huila klorini yote kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo tangi lisilosafishwa huifilisi pampu iliyo bora kuliko zote. La kwetu husafishwa kabla ya Ramadhani na tena kabla ya mvua za vuli.

Wasichana wakubwa wa madrasa wamepokea kazi ya kupima. Kila Alhamisi baada ya alasiri huufungua mfereji wa mwisho dakika moja, huchota, hutia kidonge, huandika namba daftarini kwa wino, kisha huikinga pampu dakika 10 kwa kile kikombe. Yule mzee aliyeuliza juu ya udhu hulipitia daftari Ijumaa, kabla ya hotuba, akiwa amevaa miwani yake. Namba ikishuka chini ya 0.2 watoto huchemshiwa maji ya kunywa siku hiyo, na chumba cha pampu hufunguliwa kabla ya magharibi. Alhamisi iliyopita walisoma 0.4, na kikombe kilikuwa na 48.