Jiko la mkaa katika chumba cha mzazi

Ilikuwa mwezi wa Julai, kipupwe kimekaza, na usiku wa Katindiuka ulikuwa na baridi ambayo sisi wa bonde la Kilombero hatukuizoea. Nyumba yetu ilikuwa imejaaliwa mjukuu wa kwanza. Mama yake alikuwa bado ndani ya arobaini, na kwa desturi yetu mzazi na mwanawe hawaachwi wapigwe na baridi. Basi tuliwasha jiko la mkaa uani, tukangoja moshi uishe na makaa yakolee, kisha tukaliingiza chumbani, tukafunga mlango na dirisha. Tulilala tukiamini kuwa tumetimiza wajibu.

Bibi aliamka kabla ya Alfajiri kwa ajili ya kisimamo cha usiku. Alipopita mlangoni kwa mzazi alisikia mtu akitapika. Akafungua, akamkuta mkwe wetu ameshika kichwa, miguu haimbebi, na mtoto amelegea, hata kulia halii. Tuliwatoa barazani, tukatafuta bajaji, tukawakimbiza hospitali. Huko walipewa oksijeni, na ilipofika Adhuhuri mtoto alinyonya. Alhamdulillah.

Daktari alituuliza swali moja tu: jiko lilikuwa wapi? Tulipojibu, alitueleza jambo ambalo watu wazima kama sisi tuliona aibu kutolijua. Tulikuwa tukidhani hatari ya mkaa ni moshi. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, viungo vikamlegea. Na aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim, nasi tumeisikia darasani tangu utotoni. Siku zote tuliichukua kuwa ni tahadhari ya nyumba kuungua. Jiko letu halikuunguza hata uzi wa mkeka, na bado lilitaka kututolea roho mbili.

Tuliporudi nyumbani tuliitazama nyumba yetu upya. Ni ya matofali ya kuchoma na mabati, kama nyingi hapa mtaani. Kwa kuwaogopa mbu, tulikuwa tumeziba kwa saruji mwanya wote kati ya ukuta na paa, na dirisha la chumba kile lilikuwa la mbao, likifunguliwa kwa nadra. Wakati wa joto bati lilitupikia hewa humo ndani, tukanunua feni, nayo ikazungusha joto lile lile hadi mota ikaungua. Tuliilaumu feni. Kumbe joto la Desemba na sumu ya Julai vilitoka kwenye kosa moja: nyumba haikuwa na pa kupumulia.

Tulibomoa saruji ile, tukaweka wavu wa mbu katika mwanya. Tukatoboa dirisha la pili kuukabili mlango ili upepo upite, na madirisha yote tukayawekea wavu. Chandarua hatukukiacha, kwani malaria ya bonde hili tunaijua. Fedha ilipopatikana tulipiga dari, na mchana wa jua kali tofauti tuliihisi wenyewe. Feni mpya tunaifuta vumbi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Ikianza kuzunguka kwa uvivu au kunguruma, tunamwita fundi aangalie kapasita kabla mota haijaungua, na umeme ukiwa mdogo tunaizima.

Kuhusu baridi, jiko sasa halivuki kizingiti cha chumba cha kulala, liwe na moshi au lisiwe nao. Mzazi tunampa blanketi, soksi na uji wa moto. Kitanda tunakipasha kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kanga, nayo tunaiondoa kabla mtoto hajalazwa. Mtoto tunamvika kofia na nguo za kutosha.

Shangazi, ambaye amelea wazazi wengi kwa jiko, alinung'unika kwamba zamani hakufa mtu. Tulimjibu kwa adabu kwamba nyumba za zamani zilikuwa za makuti na nyasi, na upepo ulipita kila upande. Alinyamaza, kisha akalibeba jiko mwenyewe kulipeleka uani.

Ndugu msomaji, huenda usiku huu nyumbani kwako yupo mzazi, na jiko linakolea uani. Desturi ya kumtunza ni njema, iendelezeni. Jiko liacheni huko huko nje. Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.