Kuhusu Daftari Lako la Vitabu

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Baba yako alinikabidhi daftari lako alipokuja arusini, akasema unaomba nilisome kabla hujampelekea mwalimu. Nimelisoma lote, na kurasa nyingine nimezirudia. Nakuandikia barua kwa sababu niliyo nayo ni mengi, na kwenye simu utayasoma huku ukiitwa na wenzako.

Kwanza nikupongeze. Mwalimu wenu amewataka msome vitabu vya ziada vya namna mbalimbali na mwandike mawazo yenu, nawe hukujibana. Yumo Shaaban Robert na maisha ya Siti binti Saad, yumo Adam Shafi na Kuli, yumo Walter Rodney, yumo Kezilahabi, yumo Gurnah. Nimeona pia umekikata Mzimu wa Watu wa Kale kwa kalamu nyekundu. Nadhani uliona haya kumwonyesha mwalimu wa kidato cha tano kwamba unasoma hadithi za upelelezi. Kirudishe. Muhammed Said Abdulla alikitoa mwaka 1960, na watu wazima wenye akili zao wamekisoma tangu hapo. Anayemfuata mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake hujifunza kutazama: nani alikuwa wapi, nani anasema jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Mwanafunzi wa historia anahitaji jicho hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa lililonisumbua. Kila kitabu umekipa ukurasa mmoja, na kila ukurasa una vichwa vilevile: dhamira, wahusika, mandhari, ujumbe. Chini ya Peponi ya Gurnah umeandika ukoloni, utumwa, mapenzi, usaliti. Chini ya Kuli umeandika ukoloni, unyonyaji, umoja, mapenzi. Nikifunika majina ya vitabu kwa kiganja sijui kipi ni kipi. Nimefundisha Kiswahili na historia miaka mingi, lugha hiyo naijua inakotoka. Ni ya vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa stendi, na ya mafaili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Usiku wa kuamkia mtihani vina kazi yake. Lakini daftari hili halikuombwa kwa ajili ya mtihani. Mwalimu anataka kujua kitabu kimekufanya nini wewe, na hilo hakuna wa kukuandikia.

Ukurasa mmoja tu ndio niliokusikia unasema. Ni ule wa Nagona. Umeandika mistari mitatu: kwamba ulikirudia, kwamba hukujua nani anakwenda wapi, na kwamba ulipokifunga uliingiwa na hofu usiyojua ni ya nini. Hapo ndipo uliposoma kwelikweli. Kezilahabi alikitoa mwaka 1990, baada ya riwaya kama Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo ambazo mtu yeyote anaweza kukusimulia visa vyake, na watu wenye shahada zao wamekwama palepale ulipokwama wewe. Usiongeze hata neno moja la kujifanya umeelewa. Andika hofu ilianzia ukurasa gani, kisha acha.

Lakini sababu hasa ya barua hii ni nyingine. Umesoma vitabu vingi, na kila kimoja umekifungia chumba chake. Hukuviacha vikutane. Na vipo humo vinavyozungumza jambo moja, tena jambo lililopita mbele ya milango yenu Tabora na kuishia pwani hapa ninapokaa mimi: misafara ya pembe na ya watumwa.

Chukua Peponi. Yusuf ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na Aziz, tajiri mwenye misafara, na mtoto anatolewa rehani ya deni bila yeye mwenyewe kuambiwa. Anadhani anafuatana na mtu wa ukoo wake. Khalil, kijana aliyemkuta dukani, ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ndugu yake. Wewe umeandika kwamba mwandishi anaonyesha ubaya wa utumwa. Hebu rudi umtazame Aziz. Ni mtu wa adabu, ananukia vizuri, anasema kwa upole, na ukali wote wa njiani ameuacha mikononi mwa mnyapara wake. Yusuf mwenyewe anamstahi. Mtu wa namna hiyo utamwita mbaya kwa ushahidi upi? Na kama si mbaya, yule mtoto amefikaje pale? Ukurasa wako ungeanzia hapo, na ungekuchukua jioni nzima.

Pamoja na barua hii nakutumia fotokopi ya maisha ya Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana kama Tippu Tip. Alizaliwa Unguja na akafia hukohuko mwaka 1905. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Baba yake alikuwa na makazi huko kwenu Tabora na alioa kwa mtemi Fundikira, kwa hiyo utakutana na mahali unapopajua. Kitabu hicho kisome taratibu, ikiwezekana kwa sauti, maana ni Kiswahili cha mtu anayesimulia akiwa amekaa barazani. Utaona jinsi anavyohesabu: frasila za pembe, baruti, bidhaa alizokopa kwa mfanyabiashara Taria Topan, bei ya huku na bei ya kule. Frasila moja ni kama kilo 16, na pembe moja kubwa ilizidi frasila mbili. Kila ukikutana na hesabu, simama ujiulize nani alikuwa na mzigo huo begani, kutoka Manyema huko bara hadi bahari. Wapagazi wamejaa katika kitabu kile, na majina yao utayatafuta kwa shida. Kwa Gurnah, mtoto aliyewekwa rehani ndiye tunayetembea naye toka mwanzo hadi mwisho. Safari ni za aina moja. Mmoja anazitazama kwa macho ya mwenye mali, mwingine kwa macho ya aliyefanywa mali.

Ukishavikalisha hivyo viwili, mlete Rodney. Umeandika kwamba analaumu Wazungu, basi, kama vile ni mzee mwenye hasira. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Swali lake ni gumu kuliko lawama: mali ilikwenda wapi, na ikajenga nini huko ilikokwenda? Lipeleke swali hilo kwa Tippu Tip. Pembe hazikuishia Unguja. Nyingine zilivuka bahari hadi Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizikata kuwa funguo za piano. Rodney anasema tena kwamba biashara ya watumwa ya upande huu wa Afrika huwezi kuieleza ukiwasahau wenye mashamba wa Kizungu katika visiwa kama Mauritius na Réunion. Ni kweli. Lakini je, hiyo inamaliza habari? Mashamba ya karafuu ya Unguja yalikuwa na wenyewe, nao walikuwa hapahapa. Na waliomchukua Yusuf ni watu wa dini yetu na lugha yetu. Mimi naona Gurnah hakubali tutoke kirahisi kwa mlango alioufungua Rodney. Wewe huenda ukaona vingine, na ningependa sana kujua. Rodney aliuawa Georgetown, Guyana, mwaka 1980, miaka 14 kabla Peponi haijatoka kwa Kiingereza, basi majibizano yao hayako popote mpaka mtu ayaandike.

Ukipata nafasi, mtafute pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapa Bagamoyo. Maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten Ujerumani mwaka 1903. Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia huko. Anazungumza habari za watumwa na mabwana kama mtu aliyekaa nao mtaa mmoja. Kumbuka tu kwamba yeye na Tippu Tip wote wawili waliandika kwa sababu Mjerumani aliwauliza. Mtu akiulizwa na mgeni huchagua la kusema na la kunyamazia, na hilo nalo liandike.

Kuna jambo la adabu hapa, mwanangu, na ninalisema kwa uzito. Haya si ya vitabuni tu. Katika miji yetu wapo wajukuu wa waliokuwa na watumwa na wajukuu wa watumwa, wanaswali safu moja na wameoana, na yapo maneno ambayo mtu akiyatamka mbele za watu anavunja nyumba. Ukija likizo utataka kumuuliza bibi yako. Muulize. Lakini usimuulize nani alikuwa nani. Muulize bibi zake walifika mjini hapa kwa njia gani, walilima wapi, waliimba nini wakitwanga. Akinyamaza, mnyamazie. Akisema, usitoe daftari mbele yake. Sikiliza, uandike baadaye chumbani, na jina la mtu usiliweke.

Kuhusu kuandika kwenyewe sina mengi. Usianze na dhamira. Anza na mahali uliposimama ukaacha kusoma, utaje ukurasa, unakili sentensi ile kwa mkono wako, kisha useme kwa nini ulisimama. Ukiona kitabu kimoja kinamkanusha mwenzake, waandike wote wawili kwenye ukurasa mmoja. Ukiishiwa, funga daftari uende ukalale. Ni afadhali kurasa tano za namna hiyo kuliko hizo zote ulizojaza kwa haraka, na mwalimu akikuuliza kwa nini zimepungua, mwambie ukweli.

Fotokopi ile ni ya pekee niliyo nayo, usiiazime bwenini. Hela ya daftari jipya nimemtumia baba yako. Ukurasa wa Peponi ukishauandika upya, upige picha unitumie kabla hujagusa nyingine, maana kuhusu Aziz nina maneno yangu ambayo sitakuambia mpaka nione yako.

Shangazi yako