Wati za Kwenye Boksi

Wadau, leo siasa naweka pembeni. Tuongee spika.

Baba yangu mdogo analima mahindi Handeni, kijiji ambacho nguzo za umeme zimeishia mbali. Ana paneli moja ya jua na betri ya volti 12. Jioni akitoka shamba hataki makubwa: akae barazani asikilize nyimbo za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zetu za Tanga. Msimu huu alipanga kuuza magunia karibu yote anunue redio iliyoandikwa "3000W PMPO". Akaniuliza, "Mwanangu, wewe msomi, si ndiyo yenyewe hii?"

Siyo, baba. Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Amplifaya rahisi ya volti 12 inatoa kama wati 4 safi kwa spika ya omu 4. Hata ile iliyoundwa kwa ujanja zaidi, mradi haipandishi hizo volti 12, haifiki 20. Sasa hizo nyingine zote zinatoka wapi? Kwenye wino wa boksi!

Swali la maana ni hili: katika wati hizo chache, kiasi gani kinageuka sauti? Spika ya kawaida ya nyumbani, ya desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa mita 1, inageuza chini ya nusu ya asilimia moja. Inayobaki yote ni joto. Na kila desibeli 3 za ziada zinadai nguvu mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 100 inafanya kwa wati 1 kazi ambayo ile ya 88 inaidai wati 16. Kwa mtu wa betri, hiyo ndiyo tofauti ya kusikiliza hadi usiku au kuzimikiwa saa moja jioni.

Njia ya kufika huko ni wufa kubwa na honi. Honi haiongezi umeme. Inakisaidia kiwambo kidogo kuisukuma hewa vizuri, kama unavyokunja viganja mdomoni kumwita mtu ng'ambo ya mto Pangani.

Tatizo ni ukubwa. Mzunguko wa mdomo wa honi unatakiwa ukaribie urefu wa wimbi. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, yaani mdomo wa upana wa mita 2.2. Huo unaushinda mlango! Mmarekani Paul Klipsch katika miaka ya 1940 alikunja honi ya besi ndani ya kabati na kuisimamisha kwenye kona ya chumba, ili kuta na sakafu ziimalizie. Lakini kwa hezi 500, mdomo wa sentimita 22 unatosha, kama sahani tu. Basi tukaamua: honi juu, wufa ya inchi 15 chini.

Kazi ilifanyika Korogwe kwa fundi seremala. Nilimweleza kwamba kuna mambo matatu: boksi dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa wati chache. Unapata mawili tu. Sisi tuliliacha boksi dogo, tukachukua lita 150. Fundi akacheka, "Dogo, hili spika au kabati la vyombo?"

Plaiwudi ya milimita 18, mikanda ya mbao ndani ili kuta zisitetemeke, gundi kila kiungo hewa isivuje. Tundu la mbele likapimwa kwa hesabu, si kwa jicho. Ndani tukabandika sufi ile ya magodoro. Honi ikapewa kapasita ili besi isiifikie, na rezista ya kuipunguza, maana honi ina kelele kuliko wufa na ukiiachia utadhani uko mnadani.

Wufa na honi tulinunua za mtumba. Gharama ilikula sehemu ya mahindi, mengine yako ghalani.

Ukienda dukani usiulize wati. Uliza desibeli ngapi kwa wati moja. Muuzaji akikodoa macho, funga pochi yako, nenda kwa seremala.